Vita vya mishono: siku saba baada ya kutua Normandy

Hadi jioni ya Juni 6, 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Washirika (Waingereza, Wamarekani, Wakanada na wenzao) walikuwa wameshusha Normandy, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, askari wapatao 156,000, wengi kwa meli na wengine kwa miamvuli na glaida, yaani ndege zisizo na injini. Caen, Bayeux na Carentan, miji waliyoitaka siku hiyo ya kwanza, yote ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Fukwe tano za kutua, zenye majina ya siri Utah, Omaha, Gold, Juno na Sword, zilitawanyika kwenye pwani ya kilomita 80 hivi. Ni mbili tu, Gold na Juno, zilizokuwa zimeshikana kabla ya giza kuingia. Penginepo palikuwa na mapengo: hapa kinamasi, pale mwamba, kwingine kijiji kilichojaa bunduki za rashasha.

Wanaosimulia wiki iliyofuata hupenda kupima kilomita: nani alisonga, nani alikwama, kwa nini Caen haikuanguka. Kipimo hicho kinanikera, kwa sababu kinaficha kazi halisi ya Juni 7 hadi 13, ambayo ilikuwa kazi ya fundi cherehani. Vipande vitano vilipaswa kushonwa kuwa nguo moja kabla adui hajapata pa kutia mkasi. Jeshi lililotoka baharini halina nyuma ya kurudi. Adui akipenya kwenye pengo moja hadi majini, kila ufukwe unabaki peke yake, na risasi, chakula na majeruhi wake wote wanapita kwenye mchanga unaopigwa mizinga kutoka pande tatu.

Tuanze na Sword, kwa kuwa lawama nyingi zimeelekezwa huko. Divisheni ya 3 ya Waingereza ilipewa Caen, mji ulio kilomita kama 14 kutoka majini. Brigedi moja ingevunja ulinzi wa pwani, nyingine ingepita katikati yake na kuukimbilia mji, askari wa miguu wakiwa wamepanda juu ya vifaru. Ilikuwa mbalamwezi, hivyo maji yalikuwa ya bamvua. Upepo wa kuelekea nchi kavu ukayapandisha kupita hesabu za wataalamu, mpaka mchanga mkavu uliobaki ukawa na upana wa mita 10 hivi. Kwenye utepe huo vikajazana vifaru, malori, mizinga na majeruhi, vyote vikingoja njia za kutokea ambazo wahandisi walikuwa bado wanazitegua mabomu. Batalioni ya King's Shropshire Light Infantry ilichoka kungoja vifaru vyake, ikaondoka kwa miguu baada ya saa sita mchana. Alasiri kundi lake la mbele lilifika msitu wa Lebisey, kilomita nne au tano tu kutoka Caen. Lilikuwa peke yake. Batalioni jirani ilikuwa imekwama mbele ya ngome ya zege ambayo Waingereza waliiita Hillman, na ngome hiyo ilishika hadi jioni.

Lawama yangu mimi iko kwenye ratiba kuliko kwa wale waliotembea. Ratiba isiyoacha hata saa mbili za ajali, katika operesheni inayotegemea maji kujaa na kupwa, inategemea bahati. Na madai ya baadaye ya Montgomery, jenerali Mwingereza aliyeongoza majeshi ya nchi kavu, kwamba mambo yalikwenda kama alivyopanga, hayasimami: Caen ilitakiwa siku ya kwanza, sehemu yake ya kaskazini ikapatikana Julai 9, na iliyobaki kati ya Julai 18 na 20.

Hata hivyo, kilichokuwa cha hatari zaidi alasiri ile hakikuwa Caen. Kati ya Juno na Sword palikuwa na pengo la kilomita chache, na Divisheni ya 21 ya Panzer, yaani ya vifaru vya Kijerumani, ililiona. Vifaru vyake vilivyojaribu kupanda kilima cha Périers vilipokewa na mizinga ya kupambana na vifaru iliyokwisha pangwa pale, vikarudi vimepungua. Lakini kundi la askari wake wa miguu lilipita katikati likafika baharini karibu na Luc-sur-Mer. Wangeongezewa vifaru usiku ule, Sword ingebaki kisiwa. Kisha, yapata saa tatu usiku na jua bado halijazama, glaida zipatazo 250 zikapita juu yao zikipeleka nguvu kwa Divisheni ya 6 ya miamvuli ng'ambo ya mto Orne. Wajerumani wakadhani wanakatiwa njia ya nyuma, wakaondoka. Pengo likazibwa bila kupiganiwa sana, ingawa kituo cha rada cha Douvres, kilicho katikati yake, kiliendelea kushikiliwa na Wajerumani hadi Juni 17.

Asubuhi ya Juni 7 Bayeux ilichukuliwa na Divisheni ya 50 karibu bila mapigano, na mji ukabaki salama. Siku hiyohiyo Wakanada waliotoka Juno walipata somo lililowagharimu sana. Kikosi cha mbele, batalioni moja ya miguu na vifaru vya rejimenti ya Sherbrooke Fusiliers, kilisonga hadi Authie kikilenga uwanja wa ndege wa Carpiquet. Kilikwenda upesi kuliko mizinga yake, ambayo wakati huo ilikuwa ikihamishwa, na mawasiliano na manowari baharini yalikatika. Divisheni ya 12 ya SS, jeshi la chama cha Hitler, ilikuwa imejificha ikiwatazama kutoka minara ya abasia ya Ardenne. Iliwapiga ubavuni wakiwa nje ya masafa ya msaada wote, ikawarudisha nyuma. Baada ya hapo mateka wa Kikanada waliuawa kwa kupigwa risasi ndani ya abasia hiyo na vijijini jirani. Katika siku zile za Juni zaidi ya mateka 150 wa Kikanada waliuawa namna hiyo. Hayo ni mauaji, na kuyaita ukali wa vita ni kuwakosea heshima waliouawa.

Lakini angalia upande wa magharibi wa Wakanada haohao. Brigedi yao ya 7 ilifika lengo lake la mwisho Juni 7, ikakata barabara na reli ya Caen hadi Bayeux, ikachimba mahandaki Bretteville na Norrey na kupanga mizinga midogo ya kupambana na vifaru kwenye kona za nyumba. Usiku wa Juni 8 vifaru vya Panther viliingia Bretteville bila askari wa miguu wa kutosha kuvilinda, vikaharibiwa kwa silaha za kubeba begani na kwa mizinga iliyokuwa mita chache tu kutoka barabarani. SS hawakufika baharini. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi mkubwa wa Wakanada wiki ile, na hautajwi nusu ya inavyotajwa Authie, kwa sababu waliobaki mahali pao hawachorewi mshale kwenye ramani.

Mshono wa Gold na Omaha ulikuwa tatizo la aina nyingine, kwa maana hapo walikutana Waingereza na Wamarekani, kila mmoja na redio zake, ramani zake na makamanda wake. Katikati pana bandari ndogo ya wavuvi, Port-en-Bessin, iliyobanwa na miamba miwili. Kazi ilipewa komando ya 47 ya Royal Marines, watu kama 420. Walipoteza boti kadhaa, silaha na redio wakati wa kutua Gold. Wakaenda zaidi ya kilomita 15 ndani ya eneo la adui, baadhi wakibeba silaha za Kijerumani walizookota njiani, na Juni 7 wakashambulia. Kilima cha magharibi hawakuweza kukishikilia. Cha mashariki kilipandwa jioni kwa njia ya mzunguko, na alfajiri ya Juni 8 bandari ikawa yao. Kwa kundi dogo vile lililokwisha kupoteza sehemu ya watu wake majini, sijui kazi nyingine ya wiki ile iliyolipa zaidi. Ukiacha kuwa iliunganisha majeshi mawili, bandari hiyo ndogo baadaye ikawa mahali pa kupokelea mafuta: meli zilitia nanga nje na mafuta yakasukumwa kwa bomba hadi matangi ya nchi kavu.

Omaha yenyewe ilikuwa na hali mbaya kuliko ramani inavyoonyesha. Ilipangwa ipokee tani 2,400 za shehena siku ya kwanza. Zilifika kama 100. Askari wa Juni 7 na 8 walikuwa wakipigana kwa risasi walizotua nazo mgongoni. Kwa sababu hiyo Jenerali Omar Bradley, kamanda wa Wamarekani, aliweka kuunganika kwa Omaha na Utah mbele ya kusonga kusini, na naona alikuwa sahihi kabisa. Divisheni ya 29 ikafuata barabara ya pwani, ikawafikia Juni 8 Marenja, askari maalumu wa Kimarekani, waliozingirwa Pointe du Hoc tangu siku ya kwanza, ikaingia Isigny usiku wa kuamkia Juni 9.

Kati ya Isigny na Utah pana midomo ya mito Vire na Douve, na nyuma yake mabwawa ambayo Wajerumani waliyafurisha makusudi. Barabara kuu inayopita hapo ni moja, nayo inapitia Carentan. Kutoka kijiji cha Saint-Côme-du-Mont inakwenda juu ya tuta lililonyooka kabisa, mita mbili hivi juu ya maji, ikivuka madaraja manne. Hakuna mti wala mfereji mkavu wa kujificha. Juni 10 batalioni ya Luteni Kanali Robert Cole, ya Divisheni ya 101 ya miamvuli, ilipita juu ya tuta hilo kwa mstari wa mtu mmoja mmoja. Daraja la pili lilikuwa limevunjwa, na wahandisi hawakuweza kulitengeneza kwa kuwa walipigwa kila walipoinuka. Kwenye daraja la nne Wajerumani waliweka lango la chuma lililosogezwa kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja kupenya. Usiku ndege zikawashambulia hapohapo kwenye tuta. Asubuhi ya Juni 11 Cole aliomba moshi kutoka kwa mizinga, akaamuru visu vya bunduki vifungwe, akakimbia mbele kuelekea shamba ambalo Wajerumani walipiga risasi kutoka humo. Kwanza walimfuata wachache, kwa sababu amri haikuwafikia wote katika kelele zile, kisha wengine wakafuata. Siku nzima walilishikilia shamba hilo, na mizinga ya nyuma ndiyo iliyowaokoa mashambulizi ya kujibu yalipowafikia ukutani.

Mlinzi wa Carentan, Friedrich von der Heydte, alikuwa na rejimenti ya 6 ya miamvuli, askari wazuri waliokwisha kuishiwa risasi. Usiku wa Juni 11 akautoka mji. Divisheni ya 17 ya SS iliyotumwa kumsaidia ilikuwa bado njiani kutoka kusini ya mto Loire, ikiwa na upungufu wa mafuta na ikiandamwa na ndege. Juni 12 Wamarekani wakaingia. Juni 13 SS wakafika na kushambulia, wakakaribia kabisa ukingo wa mji. Bradley alikuwa ameonywa na wasoma siri za redio za Kijerumani, akapeleka vifaru vya Divisheni ya 2 vikafika kwa wakati. Mshono wa mwisho ukashika. Saa chache tu ziliamua: von der Heydte angekaa usiku mmoja zaidi, SS wangemkuta ndani ya mji.

Mpaka Juni 11 walikuwa wameshushwa askari kama 326,000, magari 54,000 na tani 104,000 za shehena. Hesabu hiyo inaeleza mengi kuliko mstari wa mbele. Divisheni moja ya Kimarekani vitani ilihesabiwa kutumia tani mia sita na kitu kwa siku, na hakukuwa na gati hata moja kubwa. Mizigo ilishushwa kwa matishari, kwa magari yaogeleayo ya DUKW yenye kubeba tani mbili na nusu, na kwa meli kubwa za vifaru, LST. Hizi za mwisho wapangaji walikataa zisipandishwe mchangani, wakiogopa kwamba maji yakipwa zitavunjika uti. Siku chache baada ya kutua, kwa shida iliyokuwapo Omaha, waliziacha zikae kavu. Hazikuvunjika. Maji yakipwa zilifungua milango na magari yakateremka kwa magurudumu, maji yakijaa zikaondoka. Sisi ambao jina la Kariakoo linatukumbusha wapagazi wa Vita vya Kwanza hatuhitaji kufundishwa kwamba jeshi hutembea kwa mizigo yake. Na mwaka huohuo wa 1944, tangu Agosti, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wetu wa keya (King's African Rifles), ilishuka bonde la Kabaw huko Bama (leo Myanmar) katika tope la masika, ikilishwa kwa ndege zilizodondosha magunia, kwani barabara ilikuwa imekwisha kuzama.

Sasa upande wa pili. Kwa nini mkasi haukutiwa? Wajerumani walikuwa na vifaru vya kutosha kukata angalau mshono mmoja katika siku tatu za kwanza, lakini vilifika kwa vipande. Akiba kuu, divisheni za vifaru za Panzer Lehr na ile ya 12 ya SS, haikuruhusiwa na makao ya Hitler hadi alasiri ya Juni 6, na Rommel mwenyewe, kamanda wa ulinzi wa pwani, alikuwa nyumbani Ujerumani siku hiyo. Panzer Lehr ikaamriwa kutembea mchana. Kamanda wake, Fritz Bayerlein, alidai hasara kubwa mno kutokana na ndege. Hata tukizipunguza, divisheni ilifika imechanika, mafuta nyuma na mizinga mbele. Kungoja giza nako hakukusaidia, maana usiku wa Juni kule ni mfupi sana, kama theluthi mbili tu ya usiku tuliouzoea huku karibu na ikweta. Reli zilikuwa zimepigwa kwa miezi, madaraja ya Seine yamelala majini. Divisheni ya Das Reich ya SS kutoka Montauban, kusini mwa Ufaransa, ilichukua zaidi ya wiki mbili. Njiani ilinyonga watu 99 mjini Tulle, na Juni 10 ikaua zaidi ya watu 640 katika kijiji cha Oradour-sur-Glane, wanawake na watoto wakichomwa ndani ya kanisa.

Shambulio la pamoja la vifaru lilipangwa na Jenerali Geyr von Schweppenburg. Juni 10 makao yake huko La Caine, yaliyogunduliwa kwa redio zake, yalilipuliwa na maofisa wake wengi wakafa. Na Jeshi la 15 lilibaki Pas-de-Calais likingoja uvamizi wa pili uliobuniwa na majasusi. Usiku wa kuamkia Juni 9 jasusi wa pande mbili, Juan Pujol, aliwatumia Wajerumani ujumbe kwamba Normandy ni chambo, na divisheni ya vifaru iliyokuwa njiani ikasimamishwa.

Washirika nao waliona mshono wa adui mara moja tu, wakaukosa. Juni 12 Divisheni ya 1 ya Wamarekani ilifika karibu na Caumont, na ubavu wa Panzer Lehr ukawa wazi. Divisheni ya 7 ya vifaru ya Waingereza ikazungushwa kupita pengo hilo, na asubuhi ya Juni 13 ikaingia Villers-Bocage ikishangiliwa. Kosa lililofuata ni la kawaida katika mafunzo na halisameheki vitani. Safu ilisimama barabarani kwenda kilima cha 213, magari yamefuatana pua kwa mkia kati ya matuta, bila doria pembeni. Tiger chache, vifaru vizito vya Kijerumani, za kikosi cha Michael Wittmann zilikuwa mita mia mbili tatu kutoka hapo. Ya kwanza ilitembea sambamba na safu ikipiga gari moja baada ya jingine. Jioni vifaru zaidi ya 20 vilikuwa vimeteketea. Wittmann amesifiwa kupita kiasi. Kilichoamua siku ile ni makamanda wa juu kutopeleka askari wa miguu kuushika mji wakati pengo lilikuwa bado wazi. Divisheni ya 2 ya Panzer ikafika, pengo likafungwa, na mstari wa mbele ukaganda.

Baada ya hapo ilibaki vita ya vitalu. Mashamba ya huko yamezungushiwa matuta ya udongo yenye urefu wa mtu, yamesukwa kwa mizizi ya karne nyingi, na juu yake ua mnene kuliko michongoma yetu. Kifaru kikipanda tuta kinaonyesha tumbo lake, mahali chuma kilipo chembamba. Upande wa Caen uliyumba kwa mwezi mzima, na wenyeji ndio waliolipa. Raia wapatao 20,000 walikufa Normandy kiangazi kile, wengi kwa mabomu ya waliokuja kuwakomboa.

Bandari ilihitajika. Juni 18 Divisheni ya 9 ya Wamarekani ilifika Barneville na kuikata rasi ya Cotentin. Juni 26 kamanda wa Cherbourg alijisalimisha, lakini bandari ilikuwa imeharibiwa kwa ustadi kiasi kwamba shehena ya kwanza ilipita katikati ya Julai. Kati ya tarehe hizo, Juni 19 hadi 22, dhoruba iliivunja bandari ya kuundwa ya Omaha. Vyombo kama 800 vilitupwa mchangani, vingi vikangoja bamvua la Julai ili vielee tena. Ya Waingereza huko Arromanches, iliyokingwa na miamba, ilipona. Wamarekani hawakuijenga upya ya kwao. Waliendelea kupandisha LST mchangani maji yakipwa, na Omaha ikapakua hivyo, kwenye mchanga mtupu, hadi Novemba.